Samaki aliyegeuzwa kichwa nje

Mwanamke akipanda boti ya kwenda kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, na jumeli shingoni, yaani darubini ya macho mawili, ajiandae kuhojiwa mpaka atakaposhuka. Siku ile hatukuwa tumeimaliza hata ghuba ya Bukavu, nyumba za Nguba bado zinahesabika moja moja, mzee aliyekalia mfuko wa simenti akaniuliza, "Mama, uko unatafuta bwana kule ng'ambo?" Boti nzima ikacheka. Nikamwambia bwana ninaye, nimemwacha nyumbani anaosha vyombo. Hapo wakacheka zaidi, maana hakuna aliyeamini.

Nilikuwa namtafuta mnandi. Ziwa likitulia asubuhi utamkuta juu ya jiwe amefungua mabawa yote mawili, kama shati la sare lililoanikwa. Manyoya ya bata hayashiki maji, ya mnandi yanalowa. Kulowa huko kunamsaidia kuzama na kufukuza samaki huko chini, lakini akitoka hana budi kujianika. Wavuvi wanamwita mwizi, na akinaswa kwenye nyavu zao hakuna anayehangaika kumfungua. Yeye ana kesi yake, nitaileta siku nyingine. Leo nina habari ya ndege mdogo kuliko yeye, na ya ugomvi wangu na mdogo wangu.

Kwa msionifahamu: mimi ni fundi wa kushona, nina cherehani mbili Kadutu, hapa Bukavu, nilizaliwa Idjwi upande wa kusini. Jumeli nilizipata kwa mteja. Alikuwa mtafiti wa ndege, akaniagiza mashati manne ya kaki yenye mifuko kila mahali, hata mgongoni. Kazi ilipokwisha pesa ikawa pungufu. Akaniachia jumeli zake za zamani kufidia, na kwa sababu aliona aibu, akanikalisha saa nzima barazani kunifundisha kuzitumia. Zimeandikwa 8x40. Ile 8 ni mara ambazo kitu kinasogezwa karibu, ile 40 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Kioo cha kulia kina ukungu usiotoka. Nimezoea.

Sikujua kama nitapenda. Lakini fundi wa kushona siku nzima anaangalia michoro, mishono na mahali kitambaa kilipokutana vibaya, na ndege naye ni hayo hayo. Mteja wangu alinionyesha picha ya mdiria mweusi na mweupe, yule anayekaa kwenye kamba za mitumbwi pale kwetu tangu nizaliwe, akaniuliza: huyu dume na huyu jike wanatofautianaje? Nikamwambia papo hapo. Dume kafungwa mikanda miwili kifuani, wa juu mpana, wa chini mwembamba. Jike ana mmoja tu, na huo mmoja haukukutana katikati, kama mtu aliyekata kitambaa kwa kukisia kikampungukia. Akasema wanafunzi wake huchukua wiki kuliona hilo. Sijui kama alinisifu ili nisahau deni.

Kwa Kihavu, lugha ya kwetu, ndege huyu ana jina, ila kila mzee analitamka kwa namna yake, kwa hiyo hapa nitamwita mdiria. Na jina la kijiji chetu silitaji, maana najua wanaosoma hapa wana watoto, na watoto wana manati.

Basi, ilikuwa katikati ya Julai. Nilikwenda kwa sababu ya nyumba ya mama. Mvua za Aprili ziliangusha ukuta wa upande wa jikoni, na tangu hapo mama analala kwa jirani, analalamika kwamba jirani anakoroma. Mdogo wangu alikuwa ameamua kujenga upya kiangazi hiki, kwa matofali mabichi yale tunayoita adobe. Adobe inataka jua. Unafyatua Juni, Julai na Agosti, unapanga, unaezeka kabla mvua za Septemba hazijashuka. Ukichelewa, mvua inakunywa matofali yako mbele ya macho yako.

Udongo mzuri wa adobe nyumbani kwetu uko mahali pamoja: ukingo ulio chini ya migomba, hatua chache kutoka majini. Ni ukuta wa udongo uliosimama wima, juu yake mtu mzima akinyoosha mkono hafiki. Niliposhuka kuangalia kazi imefikia wapi, nilikuta mdogo wangu kesha kata upande wa kushoto, jembe na beleshi vimeegemezwa. Upande wa kulia ulikuwa na matundu. Nikahesabu kumi na moja. Chini ya saba kati ya hayo kulikuwa na michirizi myeupe ya kinyesi, na ukisogea unasikia harufu ya samaki aliyelala.

Mdiria hajengi kiota juu ya mti. Anachimba. Dume na jike wanapokezana kutoboa ukuta kwa mdomo na kusukuma udongo nje kwa miguu, mpaka wapate njia inayopita urefu wa mkono wa mtu, mara nyingine mita moja, hata mbili, na mwishoni chumba. Ukichungulia mlangoni, chini kuna mifereji miwili midogo, ndiyo njia ya miguu yake ya kushoto na ya kulia. Tundu lisilo na mifereji halina mwenyewe.

Nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikaangalia ziwani.

Kama hujawahi kumwangalia mdiria akivua, siku moja simamisha kazi umwangalie. Ndege wengine wavuvi wanataka tawi, wanataka mwamba. Huyu anakwenda juu ya maji matupu, anasimama hewani, mwili umening'inia, mabawa yanapiga haraka kama sindano ya cherehani ya umeme, lakini kichwa hakitikisiki hata kidogo, kinaangalia chini. Anashuka kidogo, anasimama tena. Halafu anajiachia kama jiwe. Ni katika ndege wakubwa kabisa wanaoweza kusimama hivyo hewani kusipokuwa na upepo wa kuwabeba. Na akishika samaki mdogo anaweza kummeza huko huko akiruka, hana haja ya kurudi nchi kavu. Ndiyo maana anaweza kwenda mbali. Kule Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, walipopeleka samaki wadogo kutoka Tanganyika miaka ya 1960, mdiria huyu alianza kuvua hadi kilomita tatu kutoka ukingoni, alfajiri na jioni, samaki wale wanapopanda karibu na uso wa maji.

Samaki wenyewe ni hawa hawa sambaza wetu. Huku Kivu waliletwa mwaka 1959, kutoka Tanganyika pia. Ukiwaambia watoto wa Bukavu kwamba babu zao hawakujua sambaza watakuona umechanganyikiwa, maana kwao Bukavu bila sambaza si Bukavu. Mchana sambaza wanakaa chini, usiku wanapanda, ndipo zile mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti inatoka na taa zake, wavuvi wakiimba kwa zamu. Mdiria anafanya zamu ya mapambazuko, wavuvi wanapokuwa wanarudi wamechoka.

Lakini nilichokuwa nakiangalia pale kwenye ndoo hakikuwa uvuaji. Kilikuwa mdomo.

Mdiria akishika samaki wa kula mwenyewe, anampigapiga juu ya kamba au jiwe mpaka atulie, halafu anamgeuza ili kichwa cha samaki kielekee kooni. Ni lazima kiwe hivyo, mapezi na magamba yalale, yasimkwaruze akimeza. Akimbeba samaki kwa ajili ya mwingine, anamgeuza kinyume: mkia ndani, kichwa kinaning'inia nje mbele ya mdomo, tayari kuingia koo la yule atakayepokea. Mteja wangu alinieleza hilo akichora kwa chaki yangu ya kushonea juu ya meza. Sikulitia maanani sana siku ile.

Sasa nikawa naliona. Jike mmoja akaja na samaki mdogo kama kidole cha mtoto, kichwa nje. Akaingia tundu la tatu kutoka kulia. Akatoka mdomo mtupu. Dakika chache baadaye dume, kichwa nje, tundu hilo hilo. Halafu tundu la tano. Halafu la tatu tena, mdiria mwingine, dume pia.

Ndani kulikuwa na watoto.

Nilimwita mdogo wangu, nikamwambia asimamishe kukata upande wa kulia.

"Kwa siku ngapi?"

Nikamwambia yai la mdiria linalaliwa siku kama 18, na makinda yanakaa ndani siku 25 hivi. Nilitaja yote mawili nikiwa bado sijapiga hesabu vizuri, ikawa karibu wiki sita.

Aliniangalia kama ninavyomwangalia mteja anayetaka suti kesho. "Yaya," akasema, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "mvua haingojeaka ndege. Mama yuko analala kwa watu. We uko unakaa Bukavu kwenye nyumba ya mabati, unakuja huku kuniambia nisijenge juu ya hii midudu inakula sambaza?"

Na alikuwa na haki. Niliandika hapa mwaka juzi kwa hasira kuhusu watu wanaofukia matundu ya ndege, na sasa nikaona ni rahisi sana kukasirika ukiwa na paa. Nikajaribu njia nyingine. Mteja wangu aliniambia kwamba mtafiti mmoja, Heinz-Ulrich Reyer, aliwafuatilia mdiria hawa miaka mingi kule Kenya, Naivasha na Ziwa Victoria. Akagundua kwamba jozi nyingi hazilei peke yao. Kijana wa kiume wa mwaka uliopita anabaki nyumbani, haoi, anavua na kuleta samaki kwa wadogo zake. Yule dume wa pili niliyemwona kwenye tundu la tatu huenda ndiye huyo. Nikamwambia mdogo wangu: unaona, hata ndege huyu, mtoto wa kiume anabaki kumsaidia mama.

Akajibu bila kugeuka, "Na dada yao je? Ameendaka Bukavu?"

Nilinyamaza mpaka chakula cha usiku.

Usiku ule ndipo alipouliza swali ambalo bado nalifikiria. Tulikuwa tunakula ugali wa muhogo na sambaza, mama katikati yetu. Akasema: "Nani aliwajengea hao ndege ukuta?" Nikasema ni ukingo wa ziwa. Akasema hapana. Zamani pale palikuwa na mteremko wa kawaida, wa nyasi. Babu alipojenga nyumba ya kwanza alichimba pale. Baba alipoongeza chumba akachimba tena, akaingia ndani zaidi. Ule ukuta uliosimama wima, ambao mdiria wanaupenda kwa kuwa nyoka na mbwa hawaupandi vizuri, ni jembe la babu na la baba. Mama akatikisa kichwa kwamba ndivyo. Akaongeza kwamba baba alipokuwa anachimba, ndege walikuja mwaka uliofuata, si kabla.

Mimi nilikuwa nimejiona mtetezi wa mahali ambapo hapajaguswa. Kumbe ni shimo la matofali la kwetu, na wapangaji wake tumewaleta wenyewe kwa kuchimba. Tusingechimba tena, mvua ingeulainisha ukuta, nyasi zingerudi, mdiria wangehama. Kwa hiyo ubishi wetu haukuwa juu ya kuchimba au kutochimba. Ulikuwa juu ya mwezi gani.

Asubuhi nikarudi kwenye ndoo, safari hii kwa hesabu. Kama kila tundu linalotumika linaingizwa samaki, basi zile siku 18 za mayai zimekwisha pita, tunabaki na hizi 25 au pungufu. Wiki sita zinakuwa chini ya nne. Hilo mtu anaweza kulijadili. Lakini sikuweza kuangalia matundu saba peke yangu kwa jicho moja lenye ukungu, nikaita watoto. Mkoba wangu wa safari daima una vifungo, nikagawa: kila mtoto tundu lake na kopo lake. Ndege akiingia na samaki, tia kifungo cheupe. Akiingia bila samaki, cheusi. Wa kwanza alitia vyeupe ishirini kwa dakika tano kwa sababu alifikiri mwenye vingi atashinda. Ikabidi tuanze upya, nikawaambia nami nahesabu kimya kimya na atakayedanganya hapati biskuti.

Mpaka mchana, tundu la tatu lilikuwa na vifungo vyeupe 31. La tano 22. Matano yaliyobaki, manne yalikuwa na vyeupe kati ya vinane na kumi na tisa, na moja lilikuwa na vyeusi vitatu tu, hakuna cheupe hata kimoja. Huyo alikuwa bado analalia, au alikuwa ameacha. Nilifikiri sana juu ya tundu lile. Halafu nikaamua kutolizungumzia, maana kama ningelitia kwenye hesabu tungerudi kwenye wiki sita na ningeshindwa yote. Mnaweza kunilaumu.

Tulikubaliana hivi. Upande wa kulia hauguswi mpaka makinda yatoke. Kwa muda huo udongo utachukuliwa shamba la juu, karibu na kahawa, na kwa kuwa ni mlima, utashushwa na mama wabebaji, wale wanaobeba mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Wabebaji ninalipa mimi. Dola 35, nikatoa 20 pale pale, nyingine nikatuma kwa simu nilipofika. Mama wabebaji hawakuuliza ni kwa nini udongo ulio chini hapo hapo unaachwa na mwingine unatafutwa mlimani. Mmoja tu alisema kwamba kama watu wa mji wana pesa za namna hiyo, arudi kesho na dada zake.

Bwana wangu, nilipomweleza, alikaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza, "Dola 35 ni ndege wangapi?" Nikasema matundu saba, tuseme makinda manne kila moja. Akapiga hesabu kwa kidole mezani. "Zaidi ya dola moja kila mmoja. Kuku wa mayai anaanza bei gani siku hizi?" Sijui kwa nini niliiacha boti ile imcheke, mtu huyu ana akili kuliko walivyofikiri.

Na ukweli ni kwamba mdiria huyu hayuko hatarini. Ametapakaa Afrika nzima kusini mwa Sahara, Misri yupo, India yupo. Hakuna mtu atakayeandika mradi kwa ajili yake. Huku kwetu mashariki mwa Kongo tuna ndege ambao dunia inasimama wakitajwa. Mapema mwaka 2024 ilitangazwa kwamba watafiti wa Marekani pamoja na wenzao wa kituo cha utafiti cha hapa kwetu Lwiro wamempiga picha, kwa mara ya kwanza, ndege mweusi mwenye kishungi cha manjano kichwani kule milima ya Itombwe, ambaye kwa karibu miaka 20 hakuna aliyekuwa na habari zake. Nilimwangalia kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Na ng'ambo ya ziwa, Rwanda, kuna musambi, yule korongo mwenye taji la dhahabu. Walikuwa wanafugwa kwenye bustani za hoteli na majumbani kama maua. Daktari wa mifugo Olivier Nsengimana na wenzake wakaanza kuwatoa huko na kuwarudisha porini. Walipowahesabu nchi nzima mwaka 2017 walikuta 487. Sasa wamepita 1,000. Kuhesabu kwenyewe wanashirikisha watu wa vijijini wanaokaa karibu na mabwawa, na hilo lilinipa moyo na makopo yangu ya vifungo.

Lakini musambi ni mrefu, ana taji, anacheza ngoma. Mdiria ni ndege wa kila siku. Nadhani ndiyo sababu nilimng'ang'ania. Ndege wa kila siku hakuna anayemhesabu, na siku akipungua hakuna atakayejua alikuwa wangapi. Pale mto Ruzizi unapotoka ziwani, ambapo chupa za plastiki zinajikusanya mpaka mitambo ya bwawa la umeme inakwama na mji unalala gizani, ninapopita nahesabu mdiria kwenye nyaya. Naandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma. Hakuna aliyeniagiza.

Makinda yalitoka Agosti, tarehe 9 na 10. Mdogo wangu ndiye aliyenipigia. Alianza kwa kunilaumu kwamba udongo wa shamba la juu una kokoto, adobe zinapasuka, imebidi achanganye na nyasi nyingi. Halafu sauti ikabadilika kidogo. "Wametoka wale wa tatu," akasema. Yeye pia alikuwa anayaita matundu kwa namba. "Wanne. Wamekaa kwenye kamba ya mtumbwi, mikanda yao haijawa myeusi vizuri, iko kama majivu. Mmoja ameanguka majini. Akatoka." Nikamuuliza kama alimtoa yeye. Akasema mtandao unakatika.

Tundu lile la vifungo vyeusi sikumuuliza. Wiki iliyofuata alikata upande wa kulia wote, kama tulivyoahidiana.

Hasara ilikuwepo, nisiifiche. Kazi ilichelewa siku kumi na kitu, na mvua ya kwanza ya Septemba ilikuja usiku, turubai likapeperuka, adobe karibu 200 zikageuka tope. Mama alirudi kwake Oktoba badala ya Septemba. Nilipokwenda kumsalimu nikamletea pazia nililoshona mwenyewe, la maua makubwa, kwa kuwa sikuwa na lingine la kusema. Aliligusa mshono, akaligeuza, akaangalia nyuma yake kama alivyonifundisha kuangalia. Akasema ni zuri, ila jirani naye alikuwa amezoea kuwa na mtu wa kuzungumza naye usiku, nikamsalimie.

Ukingo ulikuwa mpya. Umeingia ndani hatua mbili, mwekundu, laini kama kitambaa kilichotoka kupigwa pasi, bila tundu hata moja. Nilikaa kwenye ndoo yangu nikaona mdiria wawili kwenye kamba ya mtumbwi. Waliruka kuelekea ukutani, wakapita karibu kabisa, wakarudi kwenye kamba. Nikaondoka na boti ya asubuhi.

Wiki iliyopita simu ikalia nikiwa nakata gauni la harusi, picha kutoka kwa mdogo wangu. Ameipiga karibu mno, ina ukungu kama jumeli zangu. Ukuta mwekundu, na chini kidogo ya mizizi ya mgomba, tundu. Chini yake udongo mbichi uliomwagika. Nikaikuza mpaka nikaona: mifereji miwili, wa kushoto na wa kulia.

Chini ya picha kaandika: "Yaya, shemeji yako anataka jiko la nje kiangazi kinachokuja. Wabebaji ni bei ile ile?"